Kabla ya Maji

Barabara itokayo Uyole hupanda milima ya Uporoto kabla ya kuteremka Kiwira na Tukuyu, kisha Kyela hadi Kasumulu, mpakani mwa Malawi. Ni barabara ya mvua na ukungu. Viazi huku juu, migomba na chai kule chini, na mlima Rungwe umeketi pembeni kama mzee asiyesema. Malori ya mafuta hupita hapo, na aghalabu hupita salama. Usalama huo ndio unaoficha hatari.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika kijiji cha Idweli kilicho kando ya barabara hiyo, lori moja la petroli lilipinduka. Watu wakatoka na ndoo na madumu kuchota kilichomwagika. Moto ukalipuka ukawateketeza makumi kwa makumi, na kijiji kikajikuta kikizika watu wengi kwa pamoja.

Kwa mzimamoto mmoja, ajali ya namna hii ni nadra. Huenda akatumikia miaka thelathini, akazima mapaa, maduka na maghala, asilikute hata mara moja tangi livujalo katikati ya umati. Siku atakayolikuta, adui wake wa kwanza ni mazoea. Mkono uliozoea maji hukimbilia maji. Ilhali petroli huelea juu ya maji, na maji huibeba pamoja na moto wake hadi mlangoni pa jirani. Lahitajika povu la kuifunika. Mvuke wake nao ni mzito kuliko hewa: hushuka, hutambaa mitaroni, hutafuta cheche. Kwenye miteremko ya Uporoto, bondeni ndiko kwenye tanuri. Kwa hiyo mzimamoto hufunzwa kusimama upande utokako upepo, juu ya mteremko, na kuwaondoa watu kwanza.

Lugha yenyewe yaonyesha ugumu wa somo hili. Zimamoto ni jina linaloamrisha: zima! Ndiyo maana lile neno la pili, ambalo Bara husema uokoaji na Zanzibar husema uokozi, si pambo la jina la kikosi. Penye tangi lililopinduka, la pili hutangulia la kwanza.

Lakini kujua hakutoshi ikiwa ajuaye ni mmoja. Tarehe 5 Agosti 1949, katika bonde la Mann Gulch, jimbo la Montana, Marekani, moto wa nyika uliwafukuza wazimamoto walioshuka kwa miavuli. Kiongozi wao, Wagner Dodge, akawasha majani yaliyokuwa mbele yake, akaingia kulala juu ya jivu, akawaita wenzake. Hawakumfuata. Yeye akaokoka; watu 13 wakafa. Hila ile haikuwamo katika mafunzo yao, na neno jema likisikika kwa mara ya kwanza saa ya hatari, hufanana na wazimu.

Ndivyo lilivyo pia neno “ondokeni” mbele ya watu wanaochota mafuta. Wepesi wa kuwaita walafi hawajapima thamani ya dumu moja la petroli kwa mtu anayeishi kwa jembe. Sachangwan, nchini Kenya, tarehe 31 Januari 2009, walikufa zaidi ya mia moja. Sange, mashariki mwa Kongo, tarehe 2 Julai 2010, zaidi ya mia mbili. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, tena zaidi ya mia moja. Lililo nadra kwa mzimamoto mmoja si nadra kwa barabara.

Methali yasema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Kwa petroli, maji hayo ni maneno yaliyosemwa mapema: shuleni, msikitini, kanisani, gengeni, siku ambayo hakuna lori lililopinduka. Gari la zimamoto litatoka mjini, na mjini ni mbali. Atakayefika wa kwanza ni jirani. Mama atakayemshika mwanawe mkono, amnyang’anye dumu na kupanda naye juu ya mteremko, atakuwa ameifanya kazi ya uokoaji kabla king’ora hakijasikika.