Fyuzi ya waya

Wadau, Moro kuna baridi, Uluguru haionekani kwa ukungu, na ofisini kwetu chai haikauki. Juzi nikafungua plagi ya ekstensheni: badala ya fyuzi, kipande cha waya!

Hesabu ni ndogo. Ampea 13 kwa volti 230 ni wati kama 3,000. Sisi tumechomeka mabirika mawili ya wati 2,000 na maikrowevu ya 1,200. Fyuzi ingekatika, waya unaacha kebo iungue. Na anayeishika kila asubuhi ni mama wa chai, mikono imelowa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri apime hatari mapema. Mei 2024, kiwandani Mtibwa, bomba la mvuke lilipasuka, wakafa watu 11. Jamani, ofisini kwenu nani anakagua?