Krismasi Ukweni Tukuyu: Kadi Niliyoichana Mwenyewe

Mimi kazi yangu ni uhariri. Nimesomea mawasiliano chuo kikuu, na kila mwezi napitia makala za wenzangu nikisahihisha majina ya watu yaliyokosewa. Hakuna mwalimu aliyenionya kwamba iko siku nitakaribia kuharibu Krismasi ya watu kwa kuandika jina la mtu bila kukosea hata herufi moja.

Mume wangu ni Mnyakyusa wa Rungwe, mimi ni Mluguru niliyekulia Morogoro. Siku ya harusi yetu Dar es Salaam, nilipomsogelea baba mkwe nimpe shikamoo, mzee aligeuka akatazama ukuta. Watu waliona. Nilijikaza nikatabasamu, picha zikapigwa, lakini moyoni nilishapitisha hukumu: huyu mzee hanitaki.

Ikapita miaka minne. Kila Desemba nilikuwa na sababu. Mara kazi, mara mimba, mara mtoto bado mdogo. Mume wangu akawa anakwenda peke yake, siku tatu anarudi, hasemi kitu. Wala hatukuwahi kugombana kwa hilo. Tulinyamaza tu, na ukimya wa namna hiyo, mwenzangu, unakula ndoa polepole kama mchwa.

Mwaka jana nikasema basi, twende. Na sitaenda mikono mitupu.

Kadi kumi na sita

Sisi tuliokuwa watoto miaka ya tisini tunakumbuka kadi za Krismasi zikining'inia kwenye uzi sebuleni, kabla meseji za simu hazijaja kuziua. Nikaamua kutengeneza zangu kwa mkono, kumi na sita, kila mtu na yake. Nikanunua manila, gundi, vipande vya kitenge na ule unga wa kung'aa ambao ukishaingia kwenye zulia hautoki mpaka Pasaka. Ya baba mkwe niliipa heshima ya pekee: jina lake lote, herufi kubwa za dhahabu, juu kabisa.

Inasemekana kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa ilichapishwa London mwaka 1843, na Mwingereza Henry Cole, ambaye hakuwa na muda wa kuwaandikia barua jamaa zake wote. Mimi muda nilikuwa nao, wa kukata na kubandika wiki mbili. Ila muda wa kumuuliza mume wangu swali moja tu sikuutafuta.

Kupanda kwenye baridi

Tulipanda basi alfajiri stendi ya Magufuli, Mbezi, usiku tukalala Mbeya. Kesho yake tukarudi Uyole, inakochepuka barabara ya Kyela na mpaka wa Malawi. Hapo ndipo safari inapoanza kunoga. Gari linapanda, madirisha yanaingia ukungu, unatafuta sweta. Unapita viazi vya Isongole, unafika Kiwira kwenye mikungu ya ndizi iliyopangwa kama matofali, halafu chai inatandaza kijani chake kila upande. Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 3,000, umejificha kwenye mawingu kama bibi harusi.

Tukuyu yenyewe ni mji mdogo juu ya vilima. Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Kinachoutawala hasa ni mvua: zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Desemba haina msamaha. Mbegu ukiidondosha Jumatatu, Ijumaa unaiomba njia. Ndiyo maana migomba imezizunguka nyumba mpaka huoni kwa jirani.

Lakini mvua hiyohiyo haipatani na gundi. Nilipofungua begi ukweni, manila zilikuwa zimejikunja kama chapati, maua ya kitenge yamebanduka, na unga wa kung'aa umehamia kwenye nguo za mtoto. Iliyosalimika ilikuwa moja tu. Ya mzee.

Nikaiinua kwa furaha jikoni. "Mama, tazama, ya baba haikuharibika!"

Mama mkwe aliisoma. Kabla sijamaliza kucheka, alikuwa ameshaifunika kwa kanga.

Jina lisilotajwa

Wifi yangu ndiye aliyenivuta nje, chini ya mapaa. "Wifi, hilo jina wewe huliandiki. Wala hulitaji."

Basi nikaelezwa, na mvua inanyesha. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Mkwe akimwona mzee njiani anapisha, hamtazami usoni, na jina lake halitoki mdomoni. Hata neno la kawaida likifanana na jina hilo, anatafuta jingine. Heshima hiyo wanaiita ingamwana. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, wengine wanasalimiana bila shida, lakini wazee wengine bado wanaishikilia. Mama mkwe mwenyewe, akiwa bibi wa wajukuu, kuna kitu cha jikoni ambacho mpaka leo anakiita kwa jina la kuzunguka, kwa sababu ya baba wa mumewe aliyefariki zamani.

"Kwa hiyo siku ya harusi..."

"Alikuheshimu," wifi akasema. "Mbele za watu wote."

Nilisimama pale nikahesabu Krismasi nne. Nilitaka kumgeuzia kibao mume wangu, kwa nini hukuniambia? Usiku nilimuuliza. Akasema alidhani najua, halafu alipoona sijui, aliona haya, nisije nikawaona kwao washamba. Wote wawili tulikuwa tunamlinda mtu aliyekuwa hajaomba kulindwa.

Ile kadi ya dhahabu niliichana mwenyewe.

Kadi ya mgomba

Tukaanza upya na vifaa vya hapohapo. Wifi alileta magome makavu ya mgomba yaliyokaa juu ya moshi wa jiko, rangi ya kahawa na asali. Gundi tukapika, uji mzito wa ngano. Kundi la kwanza tuliliacha barazani, kuku wakalidonoa lote kwa ajili ya uji. Kundi la pili lilitoka limepinda lakini zima. Mtoto wa shemeji aligoma kuchora wachungaji, akachora kipunji, yule nyani wa msitu wa Rungwe ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005. Kwa hiyo Krismasi yetu ilikuwa na hori, nyota na nyani.

Ya mzee niliandika tu: "Kwa Babu, kutoka kwa wanao."

Siku ya sikukuu tulitoka kanisani kwa Wamoravian, ambao misheni yao ya Rungwe ilianza mwaka 1891, tukakuta mbalaga inanukia sufuria nzima. Nilimpa mwanangu kadi akampelekee babu yake barazani. Mimi nikabaki nyuma ya mlango, kama ipasavyo.

Mzee aliigeuza mbele na nyuma, muda mrefu. Kisha akaiweka katikati ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa. Akamwambia mtoto, kwa sauti kubwa kuliko mtoto anavyohitaji: "Mwambie mama yako, ndaga fijo."

Asante sana. Ni neno la kwanza kupokea kutoka kwake, na lilikuja kwa miguu ya mtoto wa miaka mitatu.

Ukienda

Beba sweta, koti la mvua na viatu visivyoteleza. Usikose Daraja la Mungu, jiwe lililojijenga lenyewe juu ya mto Kiwira, wala Kijungu, mto huohuo unapozunguka kwenye chungu cha mwamba. Ziwa Ngosi linataka miguu yenye nguvu na mwongoza njia, hasa njia ikilowa.

Na kama unakwenda ukweni, uliza kwanza. Kadi utatengeneza ukifika.