Uchungu wa Mwana Aujuaye Nani?

Waswahili husema, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Methali hii niliikariri mwaka wa kwanza kwa ajili ya mtihani. Sikujua kwamba siku moja ningeitafakari usiku, chumbani kwetu Kikoni, nikiwa na jambo zito mbele yangu.

Ilikuwa mwaka 2024. Mwenzangu wa chumbani alikuwa hajamaliza kulipa ada na mitihani ilikuwa imekaribia. Dalali mmoja alimwahidi fedha za kumtosha hadi mwisho wa shahada akikubali kuwa mama mbadala, yaani kuwabebea mimba mume na mke wasiojaliwa mtoto.

"Yai si langu, mbegu si ya mpenzi wangu," aliniambia. "Ni kama kupangisha chumba tu."

"Chumba hakipandi shinikizo la damu," nilimjibu.

Sikumcheka. Upandikizaji wa mimba si jambo geni hapa Kampala. Novemba 2023 sote tulisikia habari za Safina Namukwaya, bibi wa miaka 70 aliyejifungua mapacha kwa njia hiyo. Tena najua jinsi mke asiyezaa anavyosimangwa na mawifi. Kumbebea mwingine mimba kunaweza kuwa wema mkubwa. Ila wema nao una maswali yake, tukachukua daftari tukayaandika.

La kwanza ni mwili. Madaktari hupendelea mwanamke ambaye tayari amezaa salama. Mwenzangu hakuwa amezaa hata mara moja. Je, akifanyiwa upasuaji akapoteza kizazi, nani atamlipa watoto wake mwenyewe? Vikipandikizwa viinitete viwili, anaweza kubeba mapacha, na hatari huongezeka.

La pili ni sheria. Mwaka 2023 mbunge Sarah Opendi aliandaa mswada wa kusimamia teknolojia za uzazi, lakini usiku ule ulikuwa bado haujawa sheria. Kwa hiyo mkataba ndio ngao pekee. Nani ameuandika? Wakili wa nani ameusoma? Wenye mtoto wakiachana mimba ikiwa na miezi sita, au mtoto akizaliwa na ulemavu, nani atampokea?

La tatu ni jamaa. Tumbo likionekana, ssenga ataambiwa nini?

La mwisho aliliandika mwenyewe: "Na maziwa?" Maana maziwa hayasomi mkataba. Mtoto akishachukuliwa, yatakuja tu. Hapo tulinyamaza wote wawili. Methali yangu inamtaja mzazi mmoja, ilhali hapa wangekuwepo wanawake wawili, kila mmoja na uchungu wake.

Kesho yake alimpigia dalali na kumsomea maswali yale. Dalali alisema atauliza, kisha akaacha kupokea simu. Mwenzangu aliahirisha masomo akarudi kwao Masaka. Kitanda chake sasa kina mtu mwingine.

Ada yangu hulipwa na baba, kwa hiyo kwangu kushauri ni rahisi. Sisemi kila mwanamke akatae. Nasema akubali akiwa ameshajibiwa, tena kwa maandishi, na asikubali kwa sababu tu mitihani ni wiki ijayo. Anayekimbia kujibu maswali yako leo hatakuwepo wodini siku ya uchungu.