Kuchagua Bahari

Mwezi wa tisa mwaka jana, baada ya chakula cha usiku, mume wangu aliweka karatasi mezani. Ilikuwa na majina manne: Mafia, Pemba, Mnemba, Maziwe. "Mama Zawadi, chagua," akasema. "Mimi kokote naenda."

Ahadi ilikuwa ya siku nyingi. Zawadi, binti yetu wa kwanza, aliambiwa na baba yake kwamba akitimiza miaka 10 atafundishwa kuzamia kwa mtungi wa hewa, maana huo ndio umri ambao vituo vingi huanza kumpokea mtoto kwenye kozi ya baharini. Miaka 10 ilishafika, likizo ya Desemba ilikuwa inakuja, na sisi watu wa mshahara tulikuwa tumeweka akiba kidogo kidogo kwenye simu kwa miaka miwili. Kilichobaki ni kuchagua mahali. Ukisikia hivyo unaona ni kazi ya raha. Mimi ilinichukua wiki nzima, na nilidanganya karibu kila siku.

Mume wangu ni mtu wa Pangani. Amekua akichokoa pweza kwenye miamba maji yakipwa, na anasema hakumbuki siku aliyojifunza kuogelea, kama mimi nisivyokumbuka siku niliyojifunza kutembea. Mimi ni wa Tlawi, Mbulu, zaidi ya mita 1,700 juu ya hiyo bahari yake. Kwetu maji ni ziwa dogo lenye matete, mashamba yakishuka hadi karibu na ukingo. Ng'ombe wanakunywa, watu wanachota, basi. Bibi yangu, ambaye kwa Kiiraqw tulimwita Aama, alitufundisha kwamba Lo'a yuko juu na ni mwema kama mama, lakini kwenye chemchemi na vijito na popote penye maji wanakaa netlangw, na hao si wa kuchezea. Kanisani tuliambiwa tuyaache hayo. Tuliyaacha, ila ziwani hatukuingia.

Nilikuwa na miaka 7 MV Bukoba ilipozama, Mei 1996. Redio ya baba iliwashwa kwa taarifa ya habari tu ili kutunza betri, lakini wiki ile ilishinda imewashwa. Ndipo niliposikia neno "wazamiaji" kwa mara ya kwanza. Kwa akili yangu ya kitoto, mzamiaji akawa mtu anayekwenda chini ya maji kufuata maiti, na neno likakaa kichwani hivyo hivyo mpaka ukubwani. Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, nilikuwa chumba cha habari. Siku mbili baadaye wazamiaji wakamtoa fundi wa kivuko akiwa hai, amejishikilia mahali palipobaki na hewa ndani ya chombo kilichopinduka. Niliihariri habari ile mikono ikitetemeka. Wenzangu walidhani ni furaha.

Basi nikaanza kuchagua, yaani kukataa.

Pemba niliiondoa kwanza. Wazamiaji wanaisifu kwa kuta zake: matumbawe yanashuka wima, na bahari kati ya kisiwa na bara ina kina cha mamia ya mita. Mume wangu alinionyesha video ya mtu anayeelea pembeni ya ukuta, chini yake bluu, halafu nyeusi. "Umeona uzuri huo?" Nikasema mikondo ya Pemba ina nguvu, si mahali pa mtoto anayeanza. Hilo ni kweli, wazoefu wenyewe wanalisema. Sikusema kwamba katika video nzima mimi nilikuwa natafuta sakafu.

Mnemba nikasema Desemba kuna boti nyingi mno, na Unguja bei za sikukuu hupanda. Kweli tupu, na nilishukuru kuwa na ukweli wa kujifichia.

Mafia ilikuwa ngumu kuikataa. Ndiyo hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, tangu 1995. Ghuba ya Chole imekingwa na visiwa, kwa hiyo hata upepo ukiamka kuna mahali pa kuzamia. Tena kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe wanakuja upande wa Kilindoni, samaki mkubwa kuliko wote duniani, na chakula chake ni vidudu vidogo vinavyoelea majini. Zawadi alikuwa tayari amemchora kwenye jalada la daftari la sayansi. Lakini kufika Mafia ni ndege kutoka Dar es Salaam au chombo cha majini kutoka Nyamisati. Ndege, kwa watu wanne, tulipiga hesabu mara tatu ikakataa mara tatu. Chombo nikakikataa mimi. "Mawimbi," nikasema, "huyu mdogo atatapika."

Ikabaki Maziwe. Ni fungu la mchanga baharini, mbele ya Pangani, lenye matumbawe kulizunguka. Wazee wa kule wanakumbuka kikiwa kisiwa kamili chenye miti, na kasa wengi wakipanda kutaga. Mmomonyoko ulikimaliza. Siku hizi maji yakijaa kisiwa kinafunikwa chote, na mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo, la sivyo yataoza. Mume wangu alinieleza haya kwa mapenzi, kama mtu anayesimulia habari za babu yake.

"Yaani unataka kumpeleka mwanangu kwenye kisiwa kinachozama," nikasema.

Hakujibu upesi. Akaikunja karatasi. "Mama Zawadi, sisi hatuchagui mahali. Wewe unaogopa nini hasa?"

Tulikuwa na miaka 11 ya ndoa. Alijua nina kaka aliyefariki mdogo. Nilikuwa nimemwambia kwamba aliugua.

Paskali hakuugua. Ilikuwa 1999, yeye ana miaka 12 na mimi 10, umri huu huu wa Zawadi. Tulikuwa tumepeleka ng'ombe kunywa. Ndama mmoja akaingia kwenye matete akanasa kwenye tope, akawa analia. Paskali akamfuata. Ndama akajinasua akatoka. Paskali alipiga hatua moja mbele zaidi, mahali ambapo kumbe hapakuwa na chini. Nilimwona akija juu mara mbili. Nilikimbia kupanda mlima kuita watu, na watu wakaja, wengi sana, wanaume wenye nguvu zao wanaolima kutwa nzima bila kuchoka. Wakasimama ukingoni. Hapakuwa na hata mmoja aliyejua kuogelea. Wakaleta kamba na mti mrefu. Alipatikana kesho yake asubuhi.

Aama alisema amechukuliwa na netlangw. Sikumbishia, nilikuwa mtoto, na pengine ilikuwa namna yake ya kumtolea mtu yeyote lawama. Lakini tangu usiku ule wa karatasi nimekuwa nikiliwaza jambo moja. Hofu yetu ilituweka mbali na maji kwa miaka yote, na ilifanya kazi nzuri. Ila siku alipohitajika mtu mmoja tu wa kuingia, ilikuwa imetuachia kijiji kizima cha watu wa kusimama na kutazama. Na mimi, kwa wiki nzima, kwa hoja za bei na mikondo na mawimbi, nilikuwa namwandaa binti yangu asimame pale pale.

Nikamweleza mume wangu yote. Alilia kabla yangu.

Mwezi wa kumi tukapanda Mbulu, sisi wanne. Nilimchukua Zawadi peke yake mpaka ziwani nikamwonyesha mahali. Matete yamesogea, nadhani, au mimi nimekua. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza: "Mama, kwa nini na wewe hujajifunza?"

Tukajiandikisha wote wawili kwenye bwawa moja la Arusha, kila Jumamosi asubuhi. Wengi hawajui kwamba kozi ya kuzamia haianzi na mtungi. Kwa utaratibu wa PADI, ambao vituo vingi vya huku hufuata, anayetaka cheti lazima aogelee mita 200 bila kusimama, mtindo wowote, haraka au taratibu, halafu aelee dakika 10 bila msaada. Mtoto wa miaka 10 au 11 hapiti mita 12 kwenda chini, na sharti awe na mzazi mwenye cheti au mwalimu pembeni yake. Kuna fomu ya afya ya kujaza kwa ukweli: pumu, moyo, masikio. Zawadi alizimaliza mita 200 wiki ya tano. Mimi wiki ya sita nilifika mita 25, nikashika ukingo nikicheka kama mwehu.

Kumbe hapo ndipo jibu la karatasi lilipokuwa. Familia inapotafuta bahari ya kuzamia, kila mtu anatazama atakachokiona yule anayezamia. Nadhani inafaa kumtazama asiyejua. Muulizeni mahali gani anaweza kusimama. Kwa hilo Maziwe iliwashinda wote, na si kwa sababu ya bei, ingawa kulala kwa mama mkwe ni bure na wali wake wa nazi hauna hoteli inayouweza. Bahari ya Pangani ina saa. Kwenye bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na nahodha anajua saa ngapi mchanga utatokeza na saa ngapi lazima tuwe tumeondoka. Ziwa langu halikuniambia kitu. Hii bahari inatoa taarifa kabla, kila siku, na wavuvi wanaisoma kwa mwezi wa angani.

Tulikwenda wiki ya mwisho ya Desemba, kaskazi ikivuma kidogo tu. Boti ilitushusha kwenye mchanga mweupe katikati ya bahari, pande zote maji, nami nikasimama pale kama mtu aliyesimama juu ya meza. Zawadi akavaa mtungi. Mwalimu akamshika mkono, baba yake akiogelea juu yao, wakaondoka. Mimi nilivaa miwani na bomba la kupumulia, nikaingia mpaka magotini, mpaka kiunoni, mpaka shingoni. Halafu nikalala juu ya maji nikatazama chini. Niliona mapovu yao yakipanda, makubwa kwa madogo, hayakatiki. Niliyahesabu nikaacha. Nilipoinua kichwa, mkwe wangu alikuwa amesimama mchangani na yule mdogo, amepandisha kanga, ananitazama mimi.

Zawadi alitoka akisema maneno yote kwa pamoja. Kasa, mama, kasa!

Kuna jambo moja sisi watu wa milimani tunapaswa kulijua. Ukiwa chini mwili unabeba naitrojeni zaidi ya kawaida, na ukipanda mahali pa juu mapema mno inaweza kutoka kama povu la soda iliyotikiswa. Ndiyo maana ukishazamia mara kadhaa unaambiwa usipande ndege mpaka zipite saa 18 angalau. Kwa mtu wa Mbulu, basi ni kama ndege. Kutoka Pangani hadi nyumbani Arusha ni kupanda zaidi ya mita elfu moja, na Tlawi ni juu zaidi. Kwa hiyo tulikaa siku nzima ya ziada kwa mama mkwe, hatufanyi kitu, tunakula.

Jioni ile nikampigia mama yangu Tlawi. Kwa miaka yote hii hatujawahi kulitaja ziwa kwenye simu.

"Mjukuu wangu ametoka?" akauliza.

"Ametoka, mama. Ameona kasa."

Akanyamaza. Nilisikia jogoo wa jirani yake. "Na wewe uliingia?"

"Niliingia."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka shingoni. Halafu nikaelea."

Akanyamaza tena, muda mrefu, nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza tunapanda lini, maana vitunguu saumu vimekauka na anataka kutufungia.

"Keshokutwa," nikamwambia. "Mwalimu amesema tusiharakishe kupanda."