Nguvu ya Kukaza

Watu wengi huamini kwamba kitu cha kukazwa hukazwa mpaka mkono ushindwe, na hapo ndipo kazi imekwisha. Hapa Tongoni imani hiyo huingia nayo mtu baharini. Mpwa wangu ana boti yenye injini ya kufunga nyuma, na kila anaposafisha plagi huzirudisha kwa spana aliyoiongezea kipande cha bomba ili apate nguvu zaidi. "Mpaka ilie, mjomba," huniambia, "ndipo nijue imekaa."

Mimi humjibu kwamba kilio hicho ni cha chuma kinachoumia. Bolti, msomaji wangu, hushika kwa sababu imevutika kidogo, mfano wa mpira, nayo hutaka kurudi ilivyokuwa. Ikivutwa kupita kiasi hairudi tena. Hulegea au hukatika. Plagi ina ubaya wake zaidi, kwani yenyewe ni ya chuma na kichwa cha injini ni cha aluminiamu, hivyo zinazolika ni hesi za kichwa. Plagi mpya yenye washa yake hukazwa kwa vidole mpaka ikae, kisha spana huiongezea kama nusu mzunguko. Basi.

Lililonishangaza nilipojifunza mambo haya ni kwamba karibu sehemu tisa katika kumi za nguvu ya mkono humalizwa na msuguano. Kinachobaki cha kuivuta bolti ni kidogo mno. Kwa hiyo hesi zilizoliwa na chumvi humdanganya mtu: mkono huona uzito, kumbe bolti ingali legevu. Zikipakwa mafuta, nguvu ile ile huivuta kupita kiasi. Hata mtutu wa bunduki, kitu kigumu namna ile, kiwandani hukazwa kwa kipimo.

Spana ya kupimia nguvu ipo, lakini mpwa wangu asema kwa bei yake atanunua nyavu, nami simlaumu. Ila pwani hii ina mafungu. Mwaka 1498 merikebu ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama huku, na mwaka 1499 ikachomwa moto huku huku kwa upungufu wa mabaharia. Wale walikuwa na matanga. Mpwa wangu tanga lake aliliuza alipopata injini.

Tumepatana kwamba lile bomba likae kwangu. Makasia anayo mawili, na sasa huondoka nayo.