Nani Kagusa Rimoti?

Tumezoea kusikia kwamba kinachovuruga ndoa za vijana ni nyumba ndogo, simu na mawifi. Mimi nakuongezea cha nne: kiyoyozi. Usicheke. Kile kidude cha ukutani kikianza kusema uongo, kinaweza kuwagombanisha kuliko wifi mwenye mdomo.

Najua watu wa Dar watauliza, Musoma na kiyoyozi wapi na wapi? Kweli, mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ziwa linapuliza, na mchana joto huwa nyuzi 28 hivi. Tatizo ni madirisha. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakipanda kama moshi, ukaacha dirisha wazi na taa inawaka, utakula nao na kulala nao. Kwa hiyo tunafunga, na chumba kilichofungwa chini ya bati kinageuka tanuri. Ndiyo maana mimi na mume wangu tulichangishana, nusu kwa nusu, tukanunua.

Mwaka wa kwanza raha mustarehe. Mwaka wa pili vituko. Tunaweka 24, saa nane usiku chumba kimekuwa kama friji la bucha. Napandisha 26, wapi! Mashine ya nje inanguruma mfululizo, haipumziki. Umeme wa LUKU uliokuwa unatufikisha mwisho wa mwezi, sasa wiki mbili tu mita inalia.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwenzangu anafanya kazi Bunda, kama kilomita 70 kwenda na nyingine kurudi. Akifika jioni hoi na kukuta uniti zimekwisha: "Mama watoto, mchana mnalala na kiyoyozi?" Namwambia hatujawasha. Haamini. Usiku anaamka anatetemeka: "Nani kagusa rimoti?" Jamani, tuko wawili chumbani, na mimi sijaigusa! Siku moja akaenda mbali zaidi: "Au umemvutia jirani waya?" Nilinyamaza. Wiki hiyo hiyo akahamia sebuleni.

Tuliita fundi. Akasimama mlangoni, akatazama juu, akasema gesi imeisha. Nikamwuliza, baridi yote hii, gesi imeisha vipi? Gesi ya kiyoyozi si kama ya jikoni kwamba inaungua na kwisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua ujue kuna mahali inavuja, na chumba kinashindwa kupoa. Chetu kilikuwa kinapoa kupita kiasi. Mume wangu alilipa hata hivyo, "tumalize." Hatukumaliza kitu.

Jumamosi moja tukaenda Butiama kwa wakwe. Huko vilimani hakuna kiyoyozi. Kuna madirisha mawili yanayotazamana, na usiku upepo wa kilima unaingia huku unatokea kule. Tulilala kitanda kimoja na hakuna aliyemwuliza mwenzake swali. Asubuhi mama mkwe, nesi mstaafu, akaniita jikoni. "Mkamwana, mnagombea nini?" Nikamweleza. Akasema, "Mtoto akiwa na homa hamtupiani lawama, mnapima. Hicho chombo mmeshakipima?"

Jumatatu nikanunua kipimajoto cha ukutani, nikakitundika mbali na kiyoyozi. Usiku wa manane rimoti ilisema 26, kipimajoto kikasema 18. Nikamwamsha mume wangu sebuleni, nikamwonyesha, nikarudi kulala. Kesho yake akaja na kijana wa Bunda anayetengeneza mafriji.

Huyu kwanza alikata umeme kwenye swichi kuu. Akafungua uso wa mashine, akatoa chujio lililojaa wadudu wa ziwani. "Dada, rimoti inasema mnachotaka," akaniambia. "Haisemi kilichopo." Wa kusema kilichopo ni kihisi joto, ambacho mafundi wanakiita sensa. Siyo ile ya Agosti 2022 iliyotuhesabu, ingawa hata hii kazi yake ni kutoa hesabu. Mashine yetu ina viwili: kimoja kimechomekwa kwenye bomba la shaba, kingine, mfano wa punje ya kunde nyeusi, kinaning'inia nyuma ya chujio kikionja hewa ya chumba.

Joto likipanda, ukinzani wa umeme ndani ya punje hiyo unashuka, na ubongo wa mashine unasoma nyuzi kutokana na hapo. Yetu ilitakiwa kusoma omu 10,000 kwenye nyuzi 25. Chumba kilikuwa na nyuzi 25 siku hiyo, lakini mita yake ya mkononi ilisoma kama 6,000. Maana yake mashine iliamini humu kuna nyuzi 37! Akaomba glasi ya maji ya barafu, akatumbukiza punje. Ilitakiwa kupanda hadi zaidi ya 30,000. Ikaishia kama 10,000. Hata ndani ya barafu ilikuwa inaapa kwamba kuna nyuzi 25. Sasa ungeweka 24 au 26, ingepumzika saa ngapi?

Unyevu ulikuwa umepenya. Sensa mpya ikaletwa na basi kutoka Mwanza, ya omu zile zile, maana ukiweka ya 5,000 au 15,000 unaanza uongo mwingine. Bei yake haikufika ya kuku wa kienyeji.

Kuifunga kulichukua dakika ishirini. Lile neno la waya wa jirani lilichukua muda mrefu zaidi. Mume wangu aliomba radhi siku ya tatu, taa ikiwa imeshazimwa, na mimi nilimjibu kwamba kilichoniuma si umeme, ni kuitwa mwizi ndani ya nyumba niliyochangia. Tukaongea mpaka saa tisa. Chumba kilikuwa na nyuzi 24, za kweli.

Wewe nawe, kabla hujamshuku mwenzio:

1. Tundika kipimajoto chumbani, mlinganishe na rimoti kwa usiku mmoja.

2. Safisha chujio kila mwezi. Ukiwa kando ya ziwa, kila wadudu wanapopita.

3. Fundi akisema "gesi" bila kupima, mwulize inavujia wapi.

4. Mwambie apime sensa kwenye hewa ya chumba na kwenye maji ya barafu, umeme ukiwa umezimwa.

5. Na kama mashine ni nzima na bado mnagombania nyuzi, basi mmoja aongeze shuka. Hilo halina fundi.