Kabla Hujampelekea Fundi

Ndugu msomaji, ukipita kwenye baraza za maduka ya mjini Moshi asubuhi ya siku ya kazi, utawakuta mafundi wameketi nyuma ya cherehani zao, kila mmoja na furushi la nguo za watu pembeni. Utasikia pia malalamiko. Huyu anadai suruali yake imevutwa upande, yule anasema gauni limembana kiunoni. Fundi naye, aghalabu, huinamisha uso na kujibu kwa maneno machache: "Kitambaa chenyewe kilikuja hivyo." Wengi wetu huyachukua maneno hayo kuwa kisingizio. Leo naomba tuyatazame upya.

Mfano nitakaoutumia ni wa blanketi la viraka, lile ambalo wenye kamusi huliita mfarishi. Lina matabaka matatu: uso uliounganishwa kwa vipande vya vitambaa, kijazo cha kutia joto katikati, na mgongo wa kitambaa kizima chini. Uso waweza kuushona mwenyewe nyumbani. Kuyashona matabaka yote matatu kwa pamoja, toka pembe hadi pembe, ni kazi ya fundi mwenye mashine nzito, ya aina ile itumiwayo kushonea makochi. Huko Marekani na Ulaya wako mafundi wasiofanya kazi nyingine ila hiyo. Mashine zao zina mkono mrefu na hutembea juu ya reli, ilhali kitambaa kimetandwa kwenye fremu. Wateja huwapelekea nyuso za mifarishi hata kwa posta. Fundi wa huko na fundi wa barazani kwetu wanakubaliana katika jambo moja: mashine haisahihishi uso uliopinda. Huushona ukiwa umepinda, ukabaki hivyo daima.

Nililazimika kuyajua haya kwa sababu ya msiba. Mama mkwe wangu alipofariki, aliacha kasha la khanga na vitenge. Nyingine zilikuwa za miaka ya mwanzo ya 1980, wakati bidhaa zilipoadimika na doti moja ya khanga ilipokuwa ya kupangiwa foleni. Sisi tuliozaliwa baadaye tumesimuliwa tu. Yeye alizipata kwa jasho na akazitunza kama mtu atunzavyo hati ya kihamba.

Baada ya matanga, mawifi zangu walikaa kugawana nguo za marehemu kama ilivyo desturi. Baba mkwe alikuwa kimya muda wote. Mafungu yalipokwisha kupangwa mkekani akauliza: "Mimi je, hamnigawii?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mzee wa Kichagga hawezi kujifunga khanga akaenda nayo kanisani. Lakini hali ya hewa ya mlimani twaijua. Sisi wa mjini hulalamikia joto, ila panda gari la Kibosho au Uru jioni ya mwezi wa Julai, wakati ukungu unaposhuka migombani, nawe utatafuta cha kujifunika kabla hujaketi. Ndipo likatolewa wazo la blanketi: khanga za mama zikatwe viraka, mzee alale nazo.

Wifi mkubwa akakataa. Ndani ya kasha ilikuwamo doti moja ambayo mama alitunzwa siku alipojifungua mtoto wake wa kwanza, na mtoto huyo ndiye yeye. Akasema mkasi hautaigusa doti hiyo maadamu yu hai. Wadogo zake wakamwona anawavunjia shauri, na maneno yakaanza kupanda. Kazi ya kupatanisha mkasi na khanga ikaniangukia mimi mkamwana.

Ufumbuzi ulipatikana kwa kupima. Doti ni khanga mbili, na kila moja ina upana wa sentimita kama 150 na kimo cha sentimita kama 110. Ukiziunganisha kwa pande zao ndefu, unapata kitambaa cha sentimita 150 kwa 218 hivi baada ya mshono. Hicho ndicho kikawa mgongo wa blanketi, bila kukatwa hata uzi mmoja. Uso ukapangwa uwe mdogo kuliko mgongo, ili ziada ya pande zote ikunjwe mara mbili na kurudishwa mbele iwe ukingo. Kwa njia hiyo pindo la khanga lingeonekana upande wa juu, limeuzunguka uso kama fremu inavyoizunguka picha. Wifi mkubwa alipoonyeshwa hesabu hiyo kwa futi kamba, aliitoa doti yake mwenyewe.

Sasa nikueleze matayarisho, kwa kuwa huenda nawe una kasha la namna hiyo nyumbani.

Kwanza, fua kila kitambaa kabla ya kukata. Pamba hunywea, na khanga ambayo haijavaliwa sana bado ina dawa ya kiwandani na rangi isiyotulia. Ukiunganisha kilichonywea na kisichonywea, siku blanketi litakapofuliwa litajikunja kama uso wa aliyelamba ndimu. Nyekundu na nyeusi zifue peke yake hadi maji yatoke meupe. Kisha tenga vitambaa kwa uzito: khanga na kitenge huelewana, lakini suruali nzito au nailoni ikiwekwa kando ya khanga iliyochakaa, khanga ndiyo itakayochanika.

Pili, kata kwa kufuata uzi. Kitambaa kina mtande na mshindio. Ukikata mshazari, kipande hunyumbuka mkononi na mraba hugeuka kuwa tiara. Uso wetu ulikuwa na vipande kumi kwa upana na kumi na tano kwa urefu, yaani vipande 150. Kila kimoja kilikatwa sentimita 14.5, ili kikishonwa kwa kuacha sentimita moja kila upande kibaki sentimita 12.5. Jumla ikawa sentimita 125 kwa 187.5. Usidharau milimita. Mshono ukizidi milimita moja tu, kila kiungo hula milimita mbili. Safu ya vipande kumi ina viungo tisa, kwa hiyo upana hupungua kwa karibu sentimita mbili. Safu moja ikipungua na ya pili isipungue, huwezi kuzikutanisha ila kwa kuvuta, na kilichovutwa hulipiza kisasi mbele ya mashine.

Tatu, piga pasi kila mshono kabla ya kushona unaofuata, ukiulaza upande wa kitambaa cheusi zaidi ili usionekane chini ya kile cheupe. Geuza uso, ukate nyuzi zote zinazoning'inia, kwani uzi mweusi ulionaswa chini ya kitambaa cheupe utauona kila asubuhi utandikapo kitanda. Pima upana juu, katikati na chini. Vipimo vitatu vikilingana, shukuru. Visipolingana, fumua. Nasi tuliungana jioni kadhaa, mawifi na mimi, na palipohitaji kufumuliwa tulifumua. Maneno yaliyopanda siku ya kugawana yalishuka taratibu katika kazi hiyo, kwa kuwa ni vigumu kugombana na mtu aliyekushikia ncha ya pili ya futi kamba.

Nne, chagua kijazo. Sufi ya magodoro haifai, maana hukusanyika mabonge. Sisi tulitumia blanketi jepesi kuukuu la mzee mwenyewe, tukalifua na kulianika juani hadi likakauka kabisa.

Tano, tandaza mgongo sakafuni, upande mzuri ukitazama chini, na uhakikishe majina ya khanga zote mbili yanasomeka kwa upande mmoja. Si vema neno la mama lilale kichwa chini. Weka kijazo, kisha uso, vyote viwili kwa kipimo kimoja. Piga bandi kwa mkono toka katikati kuelekea kingoni, ukiacha shubiri moja kati ya mistari. Ukimpelekea fundi mwenye mashine ya reli, usipige bandi, kwani yeye huyatanda matabaka mbalimbali. Kwa hiyo muulize kwanza fundi wako anatumia mashine gani.

Sita, andika maagizo. Hili ndilo lililonikosesha usingizi. Mazoea ya fundi ni kunyoosha kingo kwa mkasi amalizapo, na ziada yetu ya mgongo, sentimita kumi na mbili na nusu kwa ubavu na kumi na tano juu na chini, ingemtazama kama takataka. Pigo moja la mkasi, na ahadi niliyompa wifi mkubwa ingeishia sakafuni. Nikaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: USIKATE KITAMBAA CHA CHINI. Nikaishona karatasi pembeni kwa uzi mwekundu, kisha nikamweleza fundi kwa mdomo sababu yake.

Fundi, mama wa makamo, aliacha mashine akasikiliza hadi mwisho. Akaupitisha mkono juu ya uso, akageuza pembe moja akatazama mishono, akasema: "Hii imekuja tayari." Kisha akauweka mkasi wake droo ya chini.

Mzee hulitumia blanketi hilo kinyume na tulivyopanga. Viraka 150 vilivyotuumiza migongo hulala chini, na khanga nzima huwa juu, majina yakisomeka. Hakuna aliyethubutu kumrekebisha. Wifi mkubwa akienda kumsalimu huwa wa kwanza kulitandika, na hulitandika hivyo hivyo.

Ndugu msomaji, ufundi wa fundi tunaununua kwa fedha, lakini matayarisho hayauzwi barazani. Ukimpelekea kitambaa ambacho hakikufuliwa, kipimo cha kukisia na maagizo ya haraka, umempa lawama akushonee. Mpelekee kazi iliyonyooka, umwambie pia ni ya nani na kwa nini. Anayejua kwamba khanga hii ilipokelea mtoto wa kwanza hushika mkasi kwa mkono mwingine kabisa. Miezi ya baridi ikikaribia, fungua kasha lako utazame kilichomo, na futi kamba uwe nayo karibu.